Nani Atasema Anamjua?

Fomu za vyuo vya sayansi vinavyogombaniwa zinafanana. Jina, mahali pa kuzaliwa, pointi za kila mwaka, ukurasa mmoja wa kueleza kwa nini unataka kuendelea na hisabati. Hayo yote kijana wa Shabunda anayamaliza jioni moja, umeme na mtandao wa Bukavu vikimhurumia. Kisha anafika mahali pa kuandika majina ya walimu wawili wanaomfahamu vizuri, ambao watatuma barua zao wenyewe bila yeye kuziona. Hapo ndipo mpwa wangu alipokwama, akaja kwangu Kadutu na simu mkononi.

“Mjomba, niandike nani?”

Nikamwambia aandike waliomfundisha. Akacheka. Mwaka wake wa kwanza wa chuo kikuu wanafunzi walikuwa wakikaa hadi madirishani, na aliyechelewa alisimama nje akanakili somo baadaye kwenye kaye ya mwenzake. Pointi zake ni nzuri, na zote ni zake. Ila waliozitoa hawaijui sura yake.

Anachokiomba ni nafasi ya masomo ya uzamili AIMS, Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati. Aliyeianzisha ni mwanafizikia Neil Turok, mzaliwa wa Afrika Kusini, huko Muizenberg karibu na Cape Town mwaka 2003. Kituo cha Rwanda kikafunguliwa Kigali mwaka 2016. Anayekubaliwa hugharimiwa masomo, malazi na chakula, na kuomba hakulipiwi hata senti. Kwa hiyo vijana wa bara zima wanaomba, na wengi wanakosa. Kwetu Bukavu nafasi hiyo ina ladha ya pekee, kwa sababu ukivuka mpaka wa Ruzizi asubuhi ukapanda basi, jioni uko Kigali. Kwenda Shabunda, ambayo ni teritwari ya jimbo letu hili hili la Kivu Kusini, tena kubwa kuliko zote, njia ya Burhale na Kigulube inaweza kukumeza siku kadhaa wakati wa mvua. Wenye haraka walizoea ndege ndogo za kutoka Kavumu. Tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025, hata hizo zimebaki za kusimuliwa.

Huko Shabunda ndiko alikosomea shule ya segondari, mchepuo wa math-physique, na maabara ya shule yao ilikuwa chaki. Aliwahi kunisimulia somo la asidi na besi. Mwalimu alichora bireti ubaoni kwa chaki nyeupe, akaipa robineti ya buluu, akachora chupa chini yake, kisha akachukua kipande cha chaki nyekundu, akakisugua taratibu kwa ubavu mpaka tumbo la chupa likawa la waridi. “Hapo fenolftaleini imegeuka. Funga robineti.” Darasa zima likachora, likaandika: funga robineti. Mtihani uliuliza rangi, wakajibu waridi, wakapata pointi zao. Fenolftaleini yenyewe aliiona Bukavu akiwa mtu mzima, akashangaa kwamba tone moja linatosha kugeuza chupa yote. Yule mwalimu namheshimu kuliko wengi wenye vyeo. Alifundisha kwa alichokuwa nacho, na hakudanganya kitu.

Kuna fizikia nyingine ambayo mpwa wangu aliijua kabla ya kupewa jina lake. Kasiterite, madini ya bati, ina uzito wa karibu mara 7 ya maji ya ujazo ule ule, na mchanga wa kawaida haufiki hata mara 3. Ukizungusha maji kwenye karai kandokando ya mto Ulindi, mchanga unaondoka na jiwe jeusi linabaki chini. Watoto wa huko wanalijua jambo hilo kwa viganja vyao, pamoja na mwinamo unaofaa wa karai na kasi inayopoteza mali. Nilipoisoma ile barua yake ya ukurasa mmoja, hapakuwa na karai wala mto. Palikuwa na kijana anayependa sayansi tangu utotoni kwa ajili ya maendeleo ya Afrika. Nikamwambia vijana wote wa bara hili wameandika sentensi hiyo, na anayezisoma amechoka. Akaona aibu kuandika habari za karai. Alidhani chuo kikubwa kinataka asahau alikotoka, tukabishana hapo muda mrefu kuliko tulivyobishana juu ya kitu chochote kingine.

Mbona pointi peke yake hazitoshi? Exetat, mtihani wetu wa dola, sote tunaujua. Tunao tangu 1967, na mwenye 50 kwa mia amepita. Siku matokeo yanapotoka mitaa inakuwa myeupe kwa poda wanayomwagiwa waliofaulu, na mimi naipenda siku hiyo hata nikiharibiwa koti. Lakini sote tunajua pia maneno yanayosemwa juu ya vyumba ambamo majibu yalitangulia maswali, na asilimia zilizopikwa kwa matabishi. Anayeonewa na mambo hayo ni yule wa 58 halali. Polytechnique ya Kinshasa haitosheki na diploma, ina mtihani wake wa kuingilia. AIMS wanataka pia mtu wa kusema anamjua mwombaji.

Na hapa ndipo ninapokuwa na la kusema, kwa sababu jambo hilo si la Wazungu. Warega wenzangu wanaoukumbuka bwami, chama chetu cha kale chenye madaraja, wanalijua. Mtu hakupanda kutoka kongabulumbu hadi ngandu, kutoka ngandu hadi yananio, na hatimaye kindi, kwa kuzaliwa nyumba fulani. Alifundishwa. Aliwekewa mbele sanamu ndogo ya pembe ya ndovu, au kitu cha kawaida tu kama gamba la kakakuona, na kila kimoja kilikuwa na methali yake iliyoimbwa na kuchezwa, naye alitakiwa kuelewa. Ukoo ulichanga mali, wajomba wakatoa yao, na shanga za konokono tulizoziita musanga zikahesabiwa mbele za watu. Lakini mali peke yake haikumpandisha mtu. Ilibidi awepo mwalimu wa kumwongoza, aliyekwisha kupita njia hiyo, na wengine wa kushuhudia kwamba huyu ana utulivu, hana ugomvi, anafaa. Wabelgiji waliupiga marufuku wakiuogopa, na leo sanamu zake nyingi zimo katika makumbusho ya Ulaya. Mtafiti Daniel Biebuyck aliuandikia kitabu kizito mwaka 1973.

Sisi tuliokuja mjini tumebaki na nusu yake. Kuchanga tunajua. Mutualite zetu, vyama vya watu wa kwetu, zina kamati ya msiba, zina daftari la michango, zina mtu wa kununua jeneza usiku wa manane. Mpwa wangu alipohitaji kompyuta ndogo, ukoo ulichanga kwa muda mfupi kuliko nilivyotarajia. Ila katika wote waliochanga sikumsikia hata mmoja aliyemuuliza anasoma nini hasa. Shangazi yake alimuuliza kama ataitwa daktari. Aliposema hisabati, shangazi akanyamaza kidogo, kisha kwa sauti ya kumpa mtu pole: “Kwa hiyo utafundisha?”

Mwalimu wa njia ndiye tuliyemwacha msituni. Mjini wapo wahandisi na walimu wa vyuo waliotoka Lulingu, Katchungu na Kigulube. Wengi ni watu wema, watakupa nauli ukiomba. Kukaa na kijana saa mbili juu ya zoezi moja, kumwonyesha barua ya maombi inavyoandikwa, kumsikiliza anavyokosea, hilo hatulihesabu kuwa ni kutoa. Matokeo yake kijana anaenda kwa mwalimu asiyemjua kuomba barua, naye mwalimu, mwenye kazi tatu na mshahara unaochelewa, anamjibu: andika mwenyewe, uniletee nisaini. Barua za namna hiyo nimeziona. Zote zinasema mwanafunzi ni mchapakazi na ana nidhamu. Asiye na nidhamu naye anayo.

Watu hupenda kunitajia Ramanujan, yule karani wa bandari ya Madras aliyemwandikia mwanahisabati Hardy wa Cambridge mwaka 1913 na kurasa zilizojaa kanuni, akaenda Uingereza mwaka uliofuata. Maana yake, wanasema, kipaji hujitangaza chenyewe. Mimi naisoma hadithi hiyo vingine. Kabla ya Hardy, wanahisabati wengine wawili wa Cambridge walipata karatasi zake wasimsaidie. Kabla yao alikuwa amepoteza ufadhili wa chuo cha kwao Kumbakonam, kwa kuwa alijali hisabati peke yake na masomo mengine yakamshinda. Waliomshika mkono ni watu wa nyumbani: Ramaswamy Aiyar, mwanzilishi wa chama cha hisabati cha India, aliyefunguliwa madaftari yake akaelewa anachokiona, Ramachandra Rao aliyempa posho ya kuishi, Narayana Iyer, mkubwa wake pale bandarini, aliyekuwa akifanya naye hesabu jioni. Bila hao, hiyo barua kwa Hardy angeiandika akiwa na njaa, na labda asingeiandika kabisa.

Basi nikamwambia mpwa wangu asiombe barua kwanza. Aombe maswali. Kulikuwa na asistanti mmoja aliyewafundisha aljebra ya mistari, mtu mkali asiyependa wanafunzi wa kumfuatafuata. Kijana akaenda na zoezi lililomshinda, akafukuzwa kwa upole. Akarudi wiki iliyofuata na zoezi lile lile likiwa limefika nusu. Tangu hapo ikawa kawaida yao, dakika chache mlangoni, kisha nusu saa kitini. Siku moja alirudi kumwonyesha kwamba uthibitisho mmoja, ambao asistanti mwenyewe alikuwa ameupitisha kwa alama ya sahihi, una shimo: walikuwa wamegawanya kwa namba ambayo ingeweza kuwa sifuri. Miezi ilipopita ndipo akaomba barua. Yule bwana hakumwambia aandike mwenyewe. Barua hatukuiona, wala haikutakiwa tuione, lakini alimwambia kwamba habari ya ile sifuri ameiandika.

Jina la pili bado lilitusumbua. Nikapendekeza yule mwalimu wa chaki. Kijana akasema mwalimu wa segondari hafai kwa masomo ya uzamili, na ni kweli, vyuo hivi vinataka waliomfundisha chuo kikuu. Nilisikitika. Aliyemjua kuliko wote hana pa kuandikwa. Tukapata mwingine, msimamizi wa kazi yake ya mwisho wa licence, aliyemfahamu kiasi.

Maombi yametumwa. Majibu hayajatoka, na kijana anafundisha fizikia kwa saa chache katika shule moja hapa mjini huku akijisomea Kiingereza, maana Kigali hawafundishi kwa Kifaransa. Baba yake, shemeji yangu, alinipigia kutoka Lulingu wiki jana akitaka jina la yule asistanti. Ana bidoni ya mawese na jogoo, na amepata mtu wa kuvileta.

Nikamwambia, “Shemeji, usitume. Watasema barua ilinunuliwa.”

“Nani aliinunua? Barua si imekwisha kwenda?”

“Imekwenda, lakini majibu bado.”

Akaudhika. Katika bwami, aliyemsindikiza mtu hakuondoka mikono mitupu, na alipewa mbele za watu, mchana kweupe, ndiyo maana hapakuwa na aibu. “Mtu amesema anamjua mwanangu,” akasema, “nami nikae kimya kama sikusikia?” Sikuwa na jibu lililomtosha, nami kusema kweli halikunitosha pia. Tulichokubaliana ni kwamba asubiri majibu yatoke kwanza. Yakitoka, kijana akubaliwe au akataliwe, jogoo atapanda pikipiki aje.