Anayengoja Sekunde ya Mwisho

Kati ya maswali ambayo vijana wa siku hizi hupenda kubishana juu yake, liko moja ambalo mwanzoni laonekana kuwa jambo la mchezo tu, lakini ukilichimba waona lina mizizi mirefu. Swali lenyewe ni hili: mtu anayenunua kitu katika mnada wa intaneti, akakaa kimya siku zote ambazo mnada uko wazi, kisha akataja bei yake zikiwa zimebaki sekunde tatu, hata wenzake wasipate nafasi ya kumjibu, je, ametenda haki? Wengine husema ni mjanja, basi apongezwe. Wengine husema ni mnyang'anyi aliyevaa kanzu ya mnunuzi. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimefanya haraka kuhukumu.

Kwa faida ya wasomaji wasiozoea mambo haya, yafaa tueleze kwanza jinsi mnada wa namna hiyo unavyokwenda. Mnada wa mtandaoni unaojulikana kuliko yote ni ule wa eBay, ulioanzishwa huko California mwaka 1995 na Pierre Omidyar. Kitu huwekwa wazi kwa siku kadhaa, tuseme saba, na saa iliyotangazwa ikifika mnada hufungwa palepale. Mnunuzi huiambia mashine kiasi cha juu kabisa ambacho yuko tayari kulipa, na mashine hukificha kiasi hicho, ikampandishia dau lake kidogo kidogo, kwa kadiri tu ya kumshinda mwenzake. Ukiwa umeandika shilingi 100,000 na mshindani wako ameandika 70,000, hutalipa 100,000, bali 70,000 na nyongeza ndogo juu yake.

Sasa, mtu mwenye akili atauliza: ikiwa mashine yenyewe yanitetea namna hii, ya nini kungoja? Swali hilo ni la haki kabisa. Mtaalamu wa uchumi William Vickrey aliandika mwaka 1961 kwamba, katika mnada ambamo mshindi hulipa bei ya yule aliyemfuata, mtu hana faida yo yote kuficha thamani aliyokiwekea kitu. Na aiseme kweli yote, kisha akalale. Kwa kazi hiyo na nyinginezo alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1996, naye akafariki siku chache tu baada ya kutangazwa.

Lakini watu hawalali. Wataalamu wawili, Alvin Roth na Axel Ockenfels, walichapisha mwaka 2002 uchunguzi wao juu ya minada ya eBay na ile iliyokuwa ikiendeshwa wakati huo na Amazon. Katika vitu vya kale vilivyouzwa eBay, zaidi ya nusu ya minada waliyoipima ilipata dau lake la mwisho ndani ya dakika tano za mwisho. Kwa Amazon ilikuwa kama minada 3 tu katika 100. Watu walikuwa walewale, wenye tamaa ileile, wa nchi ileile. Tofauti ilikuwa katika kanuni moja tu. Kwa Amazon, mtu akitaja bei katika dakika za mwisho, mnada ulisogezwa mbele mpaka zipite dakika 10 bila mtu mwingine kusema neno. Huko kuvizia hakukuwa na maana, kwa sababu hapakuwa na sekunde ya mwisho ya kuvizia.

Wala asidhani mtu kwamba kuvizia kumeletwa na kompyuta. Uingereza ya zamani waliuza vitu kwa mshumaa: kipande kidogo cha mshumaa kiliwashwa, na aliyetaja bei mwisho kabla ya kuzimika ndiye aliyechukua mali. Samuel Pepys, karani katika ofisi ya jeshi la majini la nchi hiyo, aliandika katika kumbukumbu zake za mwaka 1662 juu ya mnada wa meli kuukuu uliofanywa hivyo. Alimwona mtu mmoja akiwashinda wenzake kwa werevu, akamwuliza siri yake. Mtu yule akamwambia kwamba mshumaa unapokaribia kuzimika moshi wake hushuka chini. Basi yeye aliutazama moshi, wengine wakitazama moto. Twakiri kwamba mtu huyo twampenda kidogo.

Basi turudi kwenye swali la haki. Jambo la kwanza ni kutofautisha kunyamaza na kusema uwongo. Cicero, Mrumi yule, aliweka mfano huu mwaka 44 kabla ya Kristo: mfanyabiashara atoka Aleksandria na shehena ya ngano, afika kisiwa cha Rodo ambako kuna njaa, na bei iko juu sana. Yeye ajua kwamba nyuma yake zaja meli nyingine zenye ngano. Je, awaambie watu, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Cicero aliona kwamba yampasa aseme. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alitazama jambo kama hilo akatoa jibu la upole zaidi: mwuzaji asiyesema habari za wale wanaokuja nyuma haonekani kuvunja haki, ingawa akisema au akipunguza bei, wema wake utakuwa mkubwa zaidi.

Kwa kipimo hicho, yule kijana wa sekunde ya mwisho hajatenda dhambi ya uwongo. Hakumwambia mtu ye yote kwamba hatanunua. Saa ya kufunga ilitangazwa kwa wote. Tena ana sababu ambazo hatuwezi kuzidharau. Sababu ya kwanza ni tamaa ya binadamu: mtu akiona mwenzake anakitaka kitu, naye hukitaka zaidi, na wawili wakishindana kwa hasira hulipa bei ambayo kesho yake yawaumiza tumbo. Anayengoja mwisho hajiingizi katika moto huo wala hauchochei. Sababu ya pili ni wauzaji wenye hila, ambao huweka rafiki au jina la bandia kati ya wanunuzi ili kupandisha bei. Huyo ndiye mwongo wa kweli katika minada, kwa maana yeye hutaja bei asiyokusudia kuilipa. Ukimnyima nafasi ya kukujibu, hila yake yafa bila kuzaa. Twashangaa kwamba watu humlaumu sana mviziaji, lakini humcheka tu huyu mwingine kama mtu wa mzaha.

Hata hivyo hatuwezi kuishia hapo, maana mpaka sasa tumesema juu ya wanunuzi peke yao, kana kwamba mwuzaji ni ukuta. Katika mnada yuko mtu wa tatu anayetazama saa, naye ni mwenye mali. Kila dau lililozuiwa lisisemwe ni fedha ambazo hazikufika mkononi mwake. Mwuzaji akiwa mtu mwenye maduka mawili huko ng'ambo anayeuza kamera yake ya zamani, jambo hilo si zito. Aliichagua kanuni mwenyewe, na wiki ijayo atauza nyingine. Lakini si kila mnada ni wa namna hiyo.

Kwetu huku Mara, neno mnada lina harufu ya ng'ombe. Ni kweli kwamba katika minada yetu mingi ya mifugo watu hupatana wawili wawili, mwenye ng'ombe na mchuuzi, wala hakuna kunadi kwenyewe. Jina limebaki, desturi imekwenda njia nyingine. Lakini dalali wa kweli twamjua. Yeye husema: mara ya kwanza, mara ya pili, kisha hutazama uso hata uso, huinua mkono, hungoja, ndipo hutamka mara ya tatu. Wengi hudhani kungoja kule ni maringo ya kazi yake. Sisi twaona kwamba ndiko kazi yenyewe. Mnada wa dalali hauishi saa inapofika. Waisha watu wanaponyamaza, baada ya kila mmoja kupewa nafasi ya kusema. Mashine iliyofungwa kwa sekunde imemwondoa dalali, na pamoja naye imeondoa ile pumzi kati ya mara ya pili na mara ya tatu.

Tena kuna jambo la mtandao. Sekunde moja ya Dar es Salaam si sekunde moja ya kijijini. Mtu aliyeketi ofisini penye waya wa kasi, au aliyenunua programu ya kutaja bei kwa niaba yake, hugombea na mtu wa Butiama ambaye simu yake yazungusha duara mpaka mnada umekwisha. Kwa jina wako sawa, lakini mmoja wao amefungwa kitambaa machoni.

Mambo haya si ya kamera na viatu tu. Soko la Bidhaa Tanzania, linalojulikana kwa herufi TMX, lilizinduliwa mwaka 2015, na katika msimu wa 2024/2025 korosho za kusini ziliuzwa kwa mfumo wake wa kompyuta. Ufuta, mbaazi, dengu na choroko nazo zimepitia njia hiyo. Sisi twaiona kuwa hatua njema. Bei inayoonekana na watu wote ni bora kuliko bei inayonong'onwa nyuma ya ghala. Wazee wa Kanda ya Ziwa wanakumbuka jinsi wakulima wa pamba walivyoibiwa katika mizani, mpaka vyama vyao vya ushirika vikasimama wakati wa akina Paul Bomani na kuungana mwaka 1955 katika shirikisho la Victoria. Lakini wakulima wa Tandahimba na Newala walipozikataa bei za mnadani mwezi Oktoba 2018, hata Serikali ikatangaza mwezi uliofuata kwamba itazinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, walituonyesha jambo jingine: mnada waweza kufuata kanuni zote, na bado mwenye mali akaona bei si ya haki. Wao walikuwa na nguvu moja ambayo mwuzaji wa eBay hana mara mnada ukifungwa, yaani nguvu ya kusema hapana.

Mdaiwa hana nguvu hiyo. Nyumba yake yauzwa akiwa amesimama kando na watoto wake. Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 imemwangalia mtu huyo: mkopeshaji anayeuza ardhi iliyowekwa rehani yampasa atafute bei nzuri inayopatikana, na ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya kawaida ya ardhi kama hiyo sokoni, huchukuliwa kwamba ameukiuka wajibu wake, mpaka athibitishe vinginevyo. Mwenye kununua nyumba ya namna hiyo kwa kuvizia, akijua thamani yake na akimwona mwenyewe pale ukutani, asitumie hoja za yule mnunuzi wa kamera. Hakudanganya, ni kweli. Lakini Mtakatifu Tomaso alisema pia kwamba mtu hawezi kuuza kwa bei ya juu zaidi hitaji la mwenzake, kwa maana hitaji hilo si mali yake. Nasi hatuoni sababu ya kumruhusu mnunuzi alipokatazwa mwuzaji.

Wasomaji watatuuliza: je, basi, kijana wetu aache? Anayenunua simu iliyotumika kutoka kwa mfanyabiashara, na angoje sekunde yake kwa amani; ila tu ajue mapema kiasi chake, asije akalia kwamba ameonewa siku atakapopata mviziaji mwenzake mwenye vidole vyepesi zaidi. Lawama yetu kubwa twaipeleka kwa watunga kanuni. Kusogeza saa mbele kila dau linapoingia mwishoni si kazi ngumu. Palikuwa na mnada uliofanya hivyo zaidi ya miaka 20 iliyopita, na leo mingi yafanya. Kwa hiyo wajumbe wa vyama vya ushirika wanaokwenda kutazama mazao yao yakinadiwa kwenye kioo cha kompyuta tungewaomba wasitazame tarakimu za bei peke yake. Wamwulize msimamizi, mbele ya watu, dau likiingia katika sekunde ya mwisho kunatokea nini, na mwenzake mwenye mtandao dhaifu amewekewa dakika ngapi za kujibu.