Hukumu ya Dhana

Ama baada ya kumhimidi Mola, ewe ndugu msomaji, jua ya kuwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyowachukua Habyarimana wa Rwanda na Ntaryamira wa Burundi, wakirejea kutoka Dar es Salaam, ilipigwa kwa makombora ikitua Kigali. Ni nani aliyeyarusha? Mahakama ya mataifa ilikaa hapa kwetu Arusha hata ikafungwa mwaka 2015, wala haikumshitaki mtu kwa jambo hilo. Ufaransa, hakimu mmoja mwaka 2006 aliwatuhumu wasaidizi wa Kagame. Wataalamu mwaka 2012 wakaelekeza kambi ya Kanombe, ya jeshi la Habyarimana mwenyewe. Mwaka 2018 shauri likafutwa kwa kupungua ushahidi.

Lakini wachinjaji hawakungoja ushahidi. Walisema, "Ni Watutsi," wakaua hata watoto wachanga. Sasa zingatia: lau mrushaji angalijulikana kwa yakini, je, ingalikuwa halali kumwua jirani yake? Hasha! Sheria haimtwiki mtu dhambi ya mwenziwe. Basi swali lisilo jibu halikuua mtu. Iliyoua ni dhana iliyovaa joho la yakini. Kusema "sijui" si aibu kwa mwanachuoni wala kwa mtawala, na mara nyingine ndiyo ihifadhiyo damu.

Wallahu aalam.