Mtihani wa uadilifu chini ya jicho la kamera

Kuna mtihani mmoja ambao kila nikiufikiria nashindwa kuamua kama nicheke au nisikitike. Mtahiniwa anaulizwa juu ya uaminifu. Mhandisi afanye nini akigundua kuwa mwajiri wake anaficha kasoro? Afanye nini akiletewa zawadi na mkandarasi? Afanye nini akiombwa kutia saini mchoro ambao hakuusimamia? Na wakati anajibu maswali hayo ya uaminifu, kamera imemkodolea jicho, kipaza sauti kinasikiliza hadi pumzi zake, na mtu asiyemjua, aliye maelfu ya kilomita mbali, anamwangalia kama mlinzi wa duka anavyomwangalia mteja aliyevaa koti kubwa wakati wa joto.

Mtihani wenyewe ni wa Kanada. Unaendeshwa na chama cha wahandisi cha jimbo la Alberta, APEGA, na unatumika katika majimbo mengi ya nchi hiyo. Una maswali 110 ya kuchagua jibu, muda wake ni saa mbili na nusu, na hakuna kufungua kitabu. Hauulizi hesabu za zege wala unene wa nondo. Unauliza sheria, mikataba, dhima na maadili ya kazi. Mtu anaweza kuwa na shahada na miaka ishirini ya kujenga madaraja, lakini asipoupita huo leseni haipati. Na unafanywa kwa mbali: mtahiniwa anakaa chumbani kwake, mbele ya kompyuta yake. Waingereza nao, tangu mwaka 2020 maradhi ya korona yalipofunga milango, taasisi yao ya wahandisi wa ujenzi ilihamishia usaili wa kitaaluma kwenye video. Kwa hiyo si ajabu leo kumkuta kijana wa Kitanzania anasailiwa na watu wa London akiwa Mbagala, au anafanya mtihani wa Alberta akiwa Kyela.

Nimeitaja Kyela kwa makusudi. Huko ndiko nilikokutana na kijana mmoja, mhandisi wa ujenzi, mwenyeji wa upande wa Ipinda, ambaye alikuwa anajiandaa na mtihani huo. Ukimwangalia utadhani ni mwanafunzi wa kidato cha sita. Anarudi kutoka saiti magharibi imeingia, viatu vina tope, anaswali, anakula wali wake (na wali wa Kyela hauhitaji mimi niusifie), kisha anafungua kitabu cha sheria za nchi ambayo hajaikanyaga. Anasoma tofauti ya uzembe na kosa la jinai, anasoma mkataba unavunjwaje, hadi usiku wa manane. Miezi minne mfululizo.

"Shikamoo mwalimu," aliniambia siku ya kwanza, "kusoma si tatizo. Tatizo langu ni chumba."

Sikumwelewa mpaka aliponieleza masharti. Mtahiniwa anatakiwa awe peke yake. Kabla ya kuanza anaonyesha kitambulisho, kisha anaizungusha kamera ili kuta zote zionekane, meza ionekane, na chini ya meza. Mtu akiingia chumbani, au sauti ya mtu ikisikika, ni tuhuma. Akiangalia pembeni mara kwa mara, ni tuhuma. Intaneti ikikatika, basi mtihani nao uko mashakani.

Sasa msomaji wa Dar es Salaam mwenye chumba chenye kiyoyozi anaweza kuona hayo ni mambo madogo. Lakini Kyela si Dodoma. Mvua yake kwa mwaka inapita milimita 2000, na ikinyesha juu ya bati hata anayekuita aliye mlango wa pili humsikii. Nyumba ya kule ni ya ukoo. Kuna shangazi, kuna wapwa, kuna mgeni aliyeshuka kwenye meli kutoka Mbamba Bay na hajui kuwa leo chumba fulani hakiingiliki. Mwambie mtoto wa miaka minne asimfungulie mlango mjomba wake kwa saa mbili na nusu! Umeme nao una tabia zake, hasa msimu wa mvua.

Mtihani huo basi, kabla haujampima mtu, umeshaipima nyumba yake. Anayeishi peke yake katika ghorofa la Calgary anaingia akiwa hana tuhuma. Anayeishi na watu kumi na mmoja anaingia akiwa nusu mtuhumiwa, na kosa lake ni kuwa na ndugu. Hii si insafu, na sioni sababu ya kuona haya kuisema.

Lakini hapa ndipo fikra nyingine hupita na kumchukua mtu hadi kusikotakiwa. Wakati kijana yule anasoma, rafiki yake waliyesoma naye chuo alimuunganisha kwenye kundi la WhatsApp. Humo kulikuwa na watu waliokwisha kuufanya mtihani, na kila anayetoka anaandika maswali anayoyakumbuka. Mtu mmoja ameyakusanya, anayauza. Tufahamiane: haya si maswali ya mitihani iliyopita kama tunavyoyanunua kwa wachapaji pale mjini, ambayo Baraza la Mitihani limekwisha kuyatumia na kila mtu anayo. Hayo ni maswali yaliyo hai, yanayorudi tena, na kila mtahiniwa hukubali kwa maandishi kabla ya kuanza kwamba hatayatoa nje.

Rafiki yake alikuwa na hoja, na nitazieleza kama zilivyo kwa sababu si hoja za kijinga. Kwanza, alisema, sheria za Kanada zinatuhusu nini sisi tuliosoma na kufanya kazi hapa? Ni kizingiti tu walichokiweka mlangoni. Pili, kila mtu anafanya, na asiyefanya anajipunja. Tatu, na hii ndiyo iliyonigusa: wao wenyewe wameshatuona wezi kabla hatujaiba. Wametuwekea kamera, wametutaka tuonyeshe hadi uvungu wa meza. Mtu aliyekwisha kukuhukumu kuwa mwizi, una deni gani la uaminifu kwake?

Hoja hii ya tatu inavutia kwa kuwa ndani yake kuna machungu ya kweli. Sisi tunaijua hali ya kutazamwa kwa jicho la shaka kabla hatujafungua mdomo. Lakini imejengwa juu ya kosa moja. Inachukulia kuwa uaminifu ni biashara baina ya mtahiniwa na mwenye kamera: ukiniamini nakuwa mwaminifu, ukinishuku tumekwisha. Hebu tuulize, amana yenyewe ni ya nani?

Twende ziwani tupate jibu. Tarehe 30 Julai 1946 meli iliyoitwa Vipya ilizama katika Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, kwenye dhoruba. Ilikuwa mpya kabisa, na zaidi ya watu mia moja walikufa. Ziwa lile ukiliona kutoka Matema asubuhi, limelala chini ya milima ya Livingstone kama shuka iliyotandikwa, huwezi kudhani. Miaka 50 baadaye, Mei 21, 1996, MV Bukoba ikapinduka Ziwa Victoria ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, na hakuna haja ya kumkumbusha Mtanzania idadi. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 likaporomoka katikati ya Dar es Salaam, jirani na msikiti, wakafa watu 36, watoto wakiwemo. Novemba 16, 2024 ikawa Kariakoo.

Siwatuhumu wahandisi wote wa vyombo na majengo hayo. Kila tukio lina sababu zake, na nyingine zilikuwa za wenye mali na za wenye mamlaka. Ninachosema ni kwamba waliokufa hawakuwa na njia yoyote ya kukagua. Mama anayepanda MV Mbeya II na magunia yake ya mchele, hashuki kwanza kwenda kuangalia mizani ya chombo. Anayevuka daraja la mto Mbaka au Lufilyo maji yamejaa hadi ukingoni, haulizi nguzo zimezama mita ngapi ardhini. Anapita tu, na mtoto mgongoni. Amemwamini mtu ambaye hajui jina lake. Huyo mama ndiye mwenye amana, na yeye hakumwekea mhandisi kamera yoyote wala hakumshuku. Sasa mwenye kununua maswali anamlipiza nani kisasi? Mkanada hatapita juu ya daraja la Lufilyo.

Na kama ni suala la kutazamwa, wasomaji wa gazeti hili hawahitaji somo refu. Kila mwaka tunafunga mwezi mzima. Maji yapo bafuni, mlango una komeo, na hakuna aliyewahi kufungiwa kamera ili ijulikane kama alikunywa saa nane mchana. Kijana wa miaka kumi na mbili anaweza hilo, halafu mhandisi mwenye shahada atuambie kuwa asipoaminiwa hawezi kuwa mwaminifu?

Hata hivyo sitaki kuibeza kamera moja kwa moja. Ipo kazi inayoifanya, nayo ni kumlinda msomaji wa usiku wa manane asipitwe na aliyenunua majibu. Mlinzi wa soko hayupo pale ili awafanye watu wawe wema. Yupo ili mwenye kuuza nyanya zake kwa haki asiibiwe. Kwa kiasi hicho kamera ina haki yake. Inapokosea ni pale inapochukua umaskini wa chumba kuwa dalili ya hiyana, na pale wenye mtihani wanapoanza kudhani kuwa aliyepita mbele ya jicho lao wamekwisha kuupima uadilifu wake. Hawajaupima. Wamepima kama anaujua uadilifu unaandikwaje.

Tena tusiwe wepesi wa kuwacheka. Sisi tuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyowekwa kwa Sheria Namba 15 ya mwaka 1997, na tangu mwaka 2003 kuna mpango wa mafunzo kwa vitendo ambapo mhitimu anakaa miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa kabla ya kwenda kwenye usaili. Huyo msimamizi anathibitisha kazi kwa saini yake. Ni utaratibu mzuri, kwa maoni yangu kuliko ule wa kamera, kwa sababu mtu anapimwa na mtu anayemwona kazini, kwenye tope, kwa miaka. Lakini umesimama juu ya saini ile. "Mzee nisainie tu hapa, nimechelewa kupeleka." Maneno haya nani hajayasikia katika ofisi zetu, na si kwa wahandisi peke yao? Mzee naye, kwa huruma, au kwa kuwa kijana ni wa kwao, anasaini kurasa ambazo hakuzisoma, za kazi ambayo hakuiona. Hapo hakuna kamera wala kipaza sauti. Mimi nasema saini ile ya huruma ni hatari kuliko kundi zima la WhatsApp, maana aliyenunua maswali amejidanganya mwenyewe na ofisi moja, lakini anayesaini bila kusoma amemfungulia mlango mtu mwingine na kuwaambia wote walioko ndani kuwa amemkagua.

Kijana wetu alijitoa kwenye kundi lile. Alikodi chumba gesti, Kyela mjini, ghorofa ya chini ambako mvua haipigi bati moja kwa moja, akanunua bando za mitandao miwili, akachagua muda ambao hautagongana na swala, na akamuomba mwenye gesti asipangishe chumba cha pili. Akafanya mtihani. Akafeli, kwa maksi chache anavyodhani. Rafiki yake aliyenunua maswali alifanya mwezi huo huo, akafaulu, na sasa anasubiri makaratasi mengine.

Mwandishi mwingine angependa kisa kiwe kinyume, lakini ndivyo kilivyokuwa. Ukweli haukumlipa chochote, na ada ya kurudia si ndogo kwa mshahara wa Kyela. Nilipompigia kumpa pole nilidhani nitamkuta amevunjika moyo. Alikuwa na swali lingine kabisa.

"Mwalimu, ndani ya mtihani mlikuwa na swali linalofanana na hili. Siwezi kukutajia lilivyo. Lakini nauliza mimi: ninajua mwenzangu alivyopita. Natakiwa nimripoti?"

Nilimjibu kwa kadiri ya ufahamu wangu. Anayeuza maswali, na bado anauza, huyo aripotiwe leo, kwani kila siku anamdhulumu anayesoma. Aliyenunua ana haki ya kwanza kuambiwa usoni na rafiki yake, apewe nafasi ya kulirekebisha mwenyewe, hata kama ni kwa kuomba aufanye upya. Lakini siku akianza kutia saini michoro ya vitu watakavyopita juu yake watu, urafiki hauna tena nguvu ya kuziba mdomo. Kijana alikaa kimya kidogo, nikasikia mvua kwake.

"Sawa mwalimu. Nitamwandikia usiku huu. Kwenye simu nitashindwa."

Hiyo ni wiki tatu sasa. Ameandika, na alama zinaonyesha kuwa ujumbe umesomwa. Jibu bado.