Alichojibu Monika

Mnamo Novemba 386, Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, alitimiza miaka 32. Alikuwa Cassiciacum, shambani karibu na Milano, akiusubiri ubatizo. Siku hiyo aliwaalika wenzake kwenye mlo mwepesi, kisha mjadala uliochukua siku tatu: ni nani mwenye heri? Humo ndimo kilimotoka kitabu chake *De beata vita*.

Aliuliza kama kila apataye anachotaka ana heri. Mama yake, Monika, ambaye hakusomea falsafa popote, akajibu: akitaka mema akayapata, ndiyo, akitaka mabaya, hata ayapate yote bado ni wa kuhurumiwa. Mwanawe akacheka kwa furaha, akakiri kuwa mama ameiteka ngome yenyewe ya falsafa.

Sisi tumezoea kuitafuta furaha kwenye kupata. Monika aliihoji hatua iliyotangulia, ile ya kutaka. Mwenye kijicho aliyemshuhudia jirani akifilisika hakukosa alichotaka. Amekipata, na hapo ndipo msiba wake ulipo. Kwa hiyo upole, kiasi na shukrani, vinavyonyoosha kutaka kwetu, si malipo ya awali ambayo Mungu atayafidia kesho kwa kutupa furaha. Ndivyo vinavyomfanya mtu aweze kufurahi. Bila hivyo hata baraka humpita mdomoni bila ladha. Mjadala ulipogusia tajiri aliyehakikishiwa kutopoteza mali yake, Monika alisema hata huyo hatashiba. (Wahubiri wa mafanikio wangemwita kikwazo: wao huahidi kupata, kutaka hawakugusi.)

Hata hivyo hoja hii ikishikwa na mtu aliyeshiba huwa katili. Ni rahisi mno kumwambia mwenye njaa arekebishe matamanio yake. Kutaka chakula si tamaa mbaya, na Yesu mwenyewe aliwafundisha wanafunzi wake kuomba riziki ya kila siku. Kwamba mwili nao una uzito katika heri, Augustino alikutambua kwa kuchelewa. Uzeeni, akivipitia vitabu vyake katika *Retractationes*, alisema hakupendezwa na kauli yake ya Cassiciacum kwamba heri ya mwenye hekima hukaa rohoni tu, hata mwili uwe katika hali gani. Heri kamili, aliandika, ni ya maisha yajayo, ambako mwili nao hautaharibika.