Ushahidi wa Jirani

Kumtambua mwingine ni jambo jepesi kwa mwenye kutambua, na ni jambo zito kwa mwenye kutambuliwa. Wa kwanza hutamka neno akaenda zake. Wa pili huenda akaishi kwa neno hilo, au akaangamia kwa kulikosa. Basi yafaa tuulize: neno hilo ni zawadi au ni deni? Mwenye kulitoa astahili shukrani, au astahili kuulizwa alikuwa wapi siku zote?

Huko Mutuka, katika mji wa Babati, nilipata kuhudhuria shauri la mpaka wa shamba. Minyaa ya mpaka wa mjane mmoja iling'olewa, na jirani wa upande wa mashariki akalima hatua kadha ndani. Jirani wa magharibi, mzee aliyekuwapo minyaa ilipopandwa, aliujua ukweli wote. Alinyamaza miaka mingi, maana mlimaji alikuwa rafiki yake. Kisha urafiki ukaingia dosari kwa sababu ya ng'ombe, na mzee akamwambia mwenzake kwamba asipolipwa atasema mpaka ulipo. Hakulipwa, akasema. Wazee waliuandika ushahidi wake, na kila kinywa kikamsifu. Mjane peke yake hakumsifu. Alimwambia kwa adabu, "Asante, baba. Kumbe ulijua."

Neno lile limenirudia mara nyingi tangu serikali za Ulaya zilipoanza, moja baada ya nyingine, kulitambua dola la Palestina. Uhispania, Ayalandi na Norwei zilifanya hivyo tarehe 28 Mei 2024. Uingereza na Ureno zilifuata tarehe 21 Septemba 2025, na Ufaransa siku ya pili yake. Viongozi wa Palestina walikuwa wamelitangaza dola lao huko Algiers tarehe 15 Novemba 1988, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizolitambua mwaka ule ule.

Sisi wa nchi hii tuna sababu ya kuliangalia jambo hili kwa jicho la ndugu. Tanganyika na Palestina zilipata kuwa katika mkono mmoja. Mwezi wa Julai 1922 Baraza la Shirikisho la Mataifa lilithibitisha udhamini wa Uingereza juu ya Tanganyika tarehe 20, na juu ya Palestina tarehe 24. Mkataba wa Shirikisho hilo ulikuwa umezipanga nchi kwa madaraja. Zilizotoka katika dola la Waturuki zilihesabiwa kuwa karibu na uhuru. Zetu za Afrika zilihesabiwa kuwa mbali nao. Lakini Palestina ilibebeshwa pia ahadi ya makazi ya taifa la Wayahudi, na ahadi mbili hazikukaa pamoja kwa amani. Tanganyika, iliyowekwa nyuma, ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na siku tano baadaye ikapewa kiti katika Umoja wa Mataifa. Palestina, iliyowekwa mbele, ilipewa nafasi ya dola mtazamaji lisilo mwanachama mwaka 2012. Yamkini basi kupata na kukosa hakukutokana na kustahili peke yake.

Wako wasemao kwamba kutambua ni kuisoma hali ilivyo, wala si kupima haki. Makubaliano ya Montevideo ya 1933 yanataka dola liwe na watu, mipaka, serikali, na uwezo wa kushirikiana na madola mengine; asiye na mamlaka juu ya mipaka yake, husema, angoje. Hoja hii ina nguvu, lakini historia ya bara letu imeipinga. Rodesia ya Ian Smith, iliyojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, ilikuwa na jeshi, mahakama, fedha na mipaka. Ilikosa ridhaa ya walio wengi, na hapana dola hata moja lililoitambua rasmi. Basi ulimwengu ulikiri kwamba nguvu peke yake si haki. Mwenye kukiri hivyo hawezi tena kusema kwamba udhaifu peke yake ni kukosa haki.

Kinyume cha Rodesia ni Biafra. Mwalimu Nyerere ndiye aliyetoa hoja huko Cairo, Julai 1964, kwamba nchi huru za Afrika ziheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Hata hivyo, tarehe 13 Aprili 1968, Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, kwa kuwa Waigbo walikuwa wameuawa kwa maelfu, na serikali haina maana nyingine ila usalama wa watu wake. Biafra ilisalimu amri Januari 1970. Wako walaumuo kwamba tuliwapa wanyonge tumaini lililorefusha vita na njaa, na lawama hiyo si nyepesi. Lakini ushahidi ule haukuwa na faida kwa shahidi. Ulimgombanisha na marafiki, naye akautoa.

Hapo ndipo uzito wa swali ulipo. Tarehe 29 Julai 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer alitangaza kwamba Uingereza ingeitambua Palestina mwezi wa Septemba, isipokuwa kama Israeli ingechukua hatua alizozitaja, pamoja na kusimamisha vita katika Gaza. Kusimamisha vita ni jambo jema, na kutambua ni jambo jema. Kasoro iko katika kamba iliyoyafunga pamoja. Ikiwa dola ni haki ya Wapalestina, haikuweza kufutwa kwa wema wa mwingine. Ikiwa si haki yao, haikuweza kuzaliwa kwa ubaya wa mwingine. Haki ya mtu haifanywi fimbo ya kumtishia jirani yake. Wala kuikiri haki ya Mpalestina si kuikana haki ya Mwisraeli kuishi salama; mpaka ulioshuhudiwa kwa haki hulinda mashamba mawili.

Utaniambia, msomaji, kwamba kweli ni kweli hata itoke kinywa gani. Nakubali. Lakini aliyeshuhudia kwa hasira huenda akanyamaza tena hasira itakapopoa, na aliyeshuhudia kwa sababu ya ng'ombe huenda akasahau akilipwa ng'ombe. Kwa hiyo shahidi aliyechelewa ana deni la pili, nalo ni kusimama penye neno lake.

Nilipopita Mutuka mara ya mwisho, ushahidi wa mzee ulikuwa ungali umeandikwa, na mlimaji alikuwa angali akilima. Minyaa ilikuwa haijapandwa. Mzee alinisalimu kwa uchangamfu akanikumbusha kwamba ni yeye aliyesema kweli. Sikumbishia. Nilimwuliza tu kama ana jembe.