Tundu na Ukingo Wake

Mtakatifu Agostino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba huko Aljeria, alifundisha kwamba uovu si kitu bali ni upungufu wa wema palipostahili kuwa na wema. Nilipolieleza hilo kwa darasa la kipaimara hapa Tanga, msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, kama si kitu, mbona unauma?"

Riziki yangu ni kutengeneza boti za faiba, basi nikamjibu kwa tundu la bolti. Mwaka 1898 Mjerumani Kirsch alionyesha kwa hesabu kwamba bamba pana lenye tundu la duara likivutwa, mkazo wa ukingoni hufika mara 3 ya ule wa mbali. Faiba ambayo nyuzi zake zote zimelala kufuata mvuto huzidi hapo. Tundu lenyewe halivuti wala halisukumi. Mzigo wa kilichoondolewa umewaangukia majirani. Agostino, nadhani, angelikubali bamba hilo. (Mwaka 1970 David na Stephanie Lewis waliandika mazungumzo ya kifalsafa ambamo msemaji mmoja anadai tundu ni ukuta wake tu. Fundi angemuuliza: likishapakwa epoksi, ni tundu lile lile?)

Na kupaka ni lazima, maana nyuzi zilizokatwa zikiachwa wazi, maji ya chumvi hupenya. Ila hapo ndipo joto linapoingia. Bamba la kitu kimoja likipata joto sawasawa bila kubanwa, tundu hupanuka kana kwamba kilichotolewa bado kipo, wala hakuna mkazo. Likivishwa utando wa kitu kingine, mambo hubadilika. Mita moja ya epoksi ikipanda nyuzijoto 50 hurefuka karibu milimita 3. Uzi wa kioo, robo milimita tu. Vimegandana, na kila kimoja kinataka kwenda kwa kipimo chake. Ndiyo maana sipendi wanaowahi msibani na "kazi ya Mungu haina makosa" kabla udongo haujakauka. Wanaziba, kweli, lakini kwa kitu kisichopanuka pamoja na wafiwa.

Msichana hakuridhika. "Na aliyetoboa?"

Agostino hapo hutaja hiari ya mwanadamu. Kwa habari ya mwizi jibu hilo linatosha. Kwa mtoto aliyekufa kwa malaria halitoshi, nami nilimwambia hivyo mbele ya darasa zima.