Ongea kwa Sauti

Hivi mtu akisema na asisikike, kosa ni la nani? Wengi hulijibu swali hili haraka: aongeze sauti. Mimi nalijibu taratibu, na jibu langu nimeliokota mahali ambapo wenzangu wa vitabu watanicheka: kwenye amplifaya za valvu.

Tuvielewe kwanza vyombo vyenyewe, maana bila hivyo hoja haisimami. Valvu ni ile chupa ya kioo yenye uzi unaowaka ndani, iliyokaa kwenye kila redio mpaka transista, iliyobuniwa Marekani 1947, ilipokuja kuiondoa polepole. Bado wapo watu wanaosikiliza muziki nyumbani kwa chupa hizo, na Tanga wapo wachache. Valvu wanayoitaja kwa heshima kubwa ni 300B ya Western Electric, ya miaka ya 1930. Ukitumia moja tu kwa kila upande unapata kama wati 8. Wati 8! Nenda duka lolote la Ngamiani uulizie sabufa, utaonyeshwa boksi limeandikwa wati elfu na ushee. (Uongo mtupu, lakini ndivyo limeandikwa.) Mtu aliyezoea boksi hilo, ukimwambia wati 8 atakuuliza kama ni redio ya mtoto.

Sasa spika. Spika hupimwa kwa kupewa wati 1, kisha sauti yake inapimwa kwa desibeli ukiwa mita 1 mbele yake. Spika nyingi za nyumbani siku hizi hutoa kama 87. Zipo nyingine, hasa za honi, zinazotoa 99 na hata kufika 104. Na kila zikiongezeka desibeli 3, ni sawa na kuzidisha nguvu mara mbili. Kwa hiyo kutoka 87 hadi 99 ni mara 16: wati 8 kwenye spika ya 99 hufanya kazi ambayo spika ya 87 ingeidai kwa wati 128. Amplifaya ni ileile, hukuigusa. Ulichobadilisha ni anayepokea.

Fundi mmoja wa redio, mzee wa pale Ngamiani, kipimo hicho anakiita usikivu. "Spika hii msikivu," anasema, "ile kiziwi." Sijapata neno bora kuliko hilo.

Ifunge 300B kwenye spika kiziwi uone. Besi inalegea, ngoma inapopigwa kwa nguvu sauti inakwaruza, mwimbaji anakuwa kama anaimba na kitambaa mdomoni. Na kama ni zile spika ambazo omu zake huandikwa 8 lakini zikifika noti fulani zinashuka mpaka 3, ndiyo balaa zaidi, kwa sababu valvu hupitisha sauti kwenye transfoma na hupenda mzigo usioyumba. Mwenye chombo atakwambia amplifaya mbovu, kauziwa takataka. Fundi wangu anaivua, anaifunga kwenye spika zake kuukuu, muziki unajaa chumba. "Mwanangu, hapa hakuna kibovu. Hawa hawakutakiwa kuoana."

Nadhani mzee anasema jambo kubwa kuliko anavyokusudia. Tumezoea kuuhesabu udhaifu kama mali ya mtu, kama urefu wake au rangi ya macho yake. Fulani hana nguvu, basi, tumemaliza. Lakini wati 8 si kidogo wala si kingi mpaka uniambie zinakwenda wapi. Udhaifu huu unaishi katikati ya viwili, na ukimchunguza mmoja peke yake hutauona.

Mwambao huu ulilijua jambo hilo kabla ya umeme. Siwa za Pate na Lamu, moja ya pembe za ndovu na nyingine ya shaba, hupulizwa kwa pumzi ya mtu mmoja tu, na pumzi hiyo ni nguvu ndogo sana. Umbo la pembe ndilo linaloikabidhi kwa hewa bila kuipoteza. Siti binti Saad alipokwenda Bombay 1928 kurekodi santuri za HMV, watu wengi walizisikiliza kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Humo hamna wati hata moja: sindano inatikisika, honi inapokea, barabara nzima inasikia. Hata sinema zilipoanza kusema, amplifaya ya wati kama 8 ilitosha ukumbi mdogo, kwa sababu nyuma ya pazia yalikaa mahoni makubwa. Wati zilikuwa ghali, kwa hiyo akili ilitumika upande wa kupokea. Zilipokuwa rahisi, tukaacha kuwaza.

Nikisikiliza taarabu ya Tanga ya miaka ya 60 na 70, Black Star na Lucky Star, naona tofauti hiyohiyo. Bi Shakila, aliyefariki 2016, hakuwa mtu wa kupiga kelele. Anaimba kama anayejua kwamba kuna aliyeinama kumsikiliza. Taarabu ya leo nyingi imetungwa kwa ajili ya mtaa wa tatu. Siilaumu sana, ila sikai nayo sebuleni.

Lakini nisijifanye hoja hii haina mashimo. Kwanza, usikivu una bei. Noti ya besi ya hezi 40 ina wimbi la zaidi ya mita 8, na honi ya kuibeba lazima iwe na ukubwa wa kabati la nguo. Nyumba zetu ni za vyumba viwili. Amplifaya ya transista ya wati 100 ni rahisi, na haichagui sana spika. Vivyo hivyo mtu ataniambia: dunia imejaa viziwi, mfundishe binti yako kupaza sauti, usimfundishe kumngoja msikivu. Nakubali nusu. Binti yangu nimemfundisha kupaza. Nusu ninayokataa ni pale tunapodhani kwamba tukishamfundisha yeye, sisi tunaoketi kusikiliza hatudaiwi kitu.

Pili, na hili ndilo linanisumbua zaidi: spika sikivu husikia kila kitu. Amplifaya za valvu nyingi zina mvumo mdogo wa umeme, mmm, chini chini. Kwenye spika ya 87 huusikii. Kwenye ya 104 unakaa nao chumbani, hasa wimbo unapokwisha.

Miaka michache nyuma ukoo wetu ulikaa Pangani kuzungumzia shamba la minazi. Shangazi alidai kwamba sehemu yenye kisima babu alimpa hiba akiwa hai. Shangazi ana sauti ndogo, tangu utoto. Baba mkubwa, ambaye kifua chake ni sabufa, alimkatiza mara tatu: "Ongea kwa sauti, watu wasikie!" Na kila akiambiwa hivyo, sauti ilizidi kupotea. Mzee aliyeombwa kusuluhisha hakusema neno. Alinyanyuka, akachukua kigoda chake, akaenda kukaa hatua mbili mbele yake, akainamisha kichwa. Baraza likanyamaza lenyewe.

Akasikia habari ya hiba, siku yake, na mashahidi wawili ambao mmoja alikuwa yu hai. Akasikia na lingine, ambalo shangazi alilitamka kama anajiambia mwenyewe: kwamba ada za wanawe wawili, miaka minne, alilipa huyuhuyu kaka yake, kutoka mfukoni mwake, na hajawahi kumrudishia. Pale nyuma hakuna aliyelipata.

Mzee akayarudia yote mawili mbele ya watu, hiba na ada. Shahidi alipoitwa na kuthibitisha, sehemu ya kisima ikabaki kwa shangazi. Nazi za misimu miwili zikaenda kwa baba mkubwa. Baba mkubwa aliondoka bila kunywa chai. Shangazi naye, tulipokuwa njiani kuelekea kivukoni, aliniambia laiti yule mzee angebaki kulekule alikokuwa amekaa.